Asali Isiyoua Mti

Jumatatu, 5 Mei

Nimenunua daftari jipya kwa sababu msimu huu wa asali nataka uandikwe na mtu aliyekuwepo, na aliyekuwepo ni mimi. Jina langu Recheli, mzaliwa wa Usoke, meneja wa manunuzi katika kampuni ya asali ya Mzee Abbasi hapa Tabora mjini. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na sijawahi kuusubiri msimu kwa hamu namna hii.

Sababu ni sheria mpya. Kuanzia mwaka huu kampuni hainunui asali ya mzinga wa gome. Anayetengeneza mzinga wa gome huchubua shina la mti wa porini, mtundu au muba, likabaki jeupe, akalikunja lile gome kuwa pipa, na mti uliochubuliwa hivyo hukauka umesimama. Nimekua nikiiona miti hiyo. Maua yanapungua, nyuki wanahama, na sisi tumekaa mjini tunapokea ndoo kana kwamba asali inatoka mbinguni. Nilimwambia Mzee Abbasi wazi: tukitaka kuwa na kampuni miaka ishirini ijayo, biashara yetu ya kwanza ni msitu, asali ni ya pili. Akanielewa. Sheria nimeiandika mimi, fomu ya wafugaji nimeitunga mimi, na hata maneno ya kwenye lebo ni yangu: ASALI ISIYOUA MTI.

Mzee Abbasi aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Recheli, haya maneno mazito. Ukiyaweka kwenye chupa, uwe na mabega ya kuyabeba."

"Ninayo, Mzee. Msimu ukiisha yakaonekana ya uongo, kiti changu mpe mwingine."

Katikati ya Julai anakuja mkaguzi kutoka Arusha. Akiridhika, lebo zitabandikwa kwenye asali yote ya msimu. Na ataridhika, kwa sababu tangu Novemba nimegawa vijijini mizinga mia nne ya mbao. Mizinga ya mninga mtupu, siyo utani. Fundi Majidi wa mtaa wa Ng'ambo alikuja kwanza na mafundi wake, akaniletea sampuli ya msonobari wa Iringa. Niliigonga kwa kidole ikalia kama boksi la sabuni, nikamwambia akafugie kuku. Tabora hii mtu analala kitanda cha mninga, anafunga mlango wa mninga, na akifa anazikwa ndani ya mninga. Nyuki wa Recheli nao ni watu.

Jumanne, 6 Mei

Tumeosha ndoo siku nzima. Mgongo unauma.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya kutunza uumbaji, akanitaja kwa jina. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Moyoni nilikuwa nimevimba kama andazi.

Jumatano, 14 Mei

Nimetoka Usoke sasa hivi, na niandike kabla hasira haijapoa.

Wafugaji walikuwa wamepanga mstari nje ya ghala letu dogo karibu na reli. Kila mmoja na fomu yake. Kazi ilikwenda vizuri mpaka akafika mjomba Lugembe, kaka yake mama. Mjomba alikuwa karani wa chama cha tumbaku miaka mingi, kisha akaachana na tumbaku akashika nyuki. Hakuna mtu pande zile anayejua nyuki kumzidi. Mizinga yake yote ni ya gome, na mwaka jana nilipompelekea ya mbao aliirudisha na salamu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umenenepa. Mjini hakuna jua?"

Watu wakacheka. Nikachukua fomu yake. Kwenye aina ya mzinga alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani: GOME.

"Mjomba, hii siwezi kupokea."

"Asali mbaya?"

"Asali haina neno. Mzinga ndio mbaya. Sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya kampuni. Yangu mimi."

Watu wote walinyamaza, kwa sababu huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati nilipokuwa na surua, na kila mtu Usoke anaijua habari hiyo. Nikajua nikimpokea yeye, kesho nitampokea kila mwenye mjomba. Nikakaza uso.

"Kwenye karatasi yako kuna sehemu ya kuandika jambo lingine?" akauliza.

"Hakuna, mjomba. Gome au mbao. Basi."

"Basi," akasema. Akazifunga ndoo zake tano nyuma ya baiskeli, moja baada ya nyingine, bila haraka, akaondoka anaisukuma. Hakugeuka. Nyuma yangu mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba Recheli hana ndugu.

Sina cha kujutia. Sheria isiyomgusa mjomba wako ni kelele tu. Lakini uji wa jioni nimeumwaga.

Alhamisi, 15 Mei

Mama amepiga simu. Hakusema lolote kuhusu mjomba. Aliuliza tu kama nakula vizuri, kwa ile sauti.

Jumanne, 27 Mei

Upepo na vumbi. Mizinga mia tatu na sitini kati ya mia nne ina nyuki. Nimeichapa taarifa hiyo kwa herufi kubwa, nikaibandika ukutani.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Mzee Abbasi ametualika wafanyakazi wote nyumbani kwake. Pilau, mbuzi wa kuchoma, na juisi ya ukwaju. Baada ya kula alisimama akawaambia wageni habari ambayo sisi tumeshaisikia kila Idd, ya babu wa baba yake aliyekuwa akinunua nta ya nyuki hapahapa na kuipeleka pwani kwa vichwa vya wapagazi, miezi mitatu njiani.

"Mzee yule," alisema, "alikuwa anatia muhuri kila mzigo. Nta ikifika pwani ina mchanga ndani, walijua ni mzigo wa nani. Miaka mia na zaidi hatujarudishiwa mzigo hata mmoja. Sasa mwanangu Recheli ametutengenezea muhuri mpya."

Wakanipigia makofi. Nilikula sahani ya pili.

Alhamisi, 12 Juni

Leo naandika mengi.

Tulikuwa Usoke kurina asali kwenye manzuki yetu, yale maeneo porini tulikotundika mizinga ya kampuni. Asubuhi ilikuwa baridi ya kuvaa sweta mbili. Mzinga wa kwanza tu ulitoa masega meupe yaliyofungwa vizuri, na asali yake nyepesi ya rangi ya chai. Nilicheka peke yangu ndani ya wavu. Kila kitu nilichokisema tangu mwaka jana kilikuwa kinaninginia pale mbele ya macho yangu.

Saa sita nikaamua kukata njia kwa mguu kwenda manzuki ya pili. Gari lilizunguka barabarani, mimi nikafuata njia ya magurudumu inayopita katikati ya msitu. Sikuifahamu njia ile, na nilijiuliza nani amepitisha trekta huku. Baada ya robo saa nikafika mahali penye uwazi. Kulikuwa na shimo la kupasulia mbao, maganda, unga wa mbao uliogeuka rangi kwa mvua, na visiki. Kisiki cha mninga hakihitaji kuulizwa jina. Ule utomvu wake mwekundu hukauka pembeni kama damu ya kuku kwenye kisu.

Pembeni walikaa watu wawili wanakula viazi vitamu, na msumeno mkubwa umelala kwenye majani. Mmoja alisimama kunisalimia. Alisema anaitwa Fikiri.

"Mnapasua nini?" nikamuuliza.

"Sasa hivi hamna kitu, dada. Tunapasua vipande vilivyobaki. Kazi yenyewe ilikuwa mwaka jana, hii mizinga ya nyuki."

"Mizinga gani?"

"Ya kampuni ya mjini. Fundi mmoja wa Ng'ambo aliagiza mninga tu. Tulimshauri achanganye na mbao nyingine, mninga wenyewe siku hizi wa kutafuta. Akasema haiwezekani, kuna mama mkali ofisini kwao hataki kuona kitu kingine." Akacheka, akanipa kiazi. "Kibali tulikuwa nacho lakini. Usidhani sisi wezi."

Nilikipokea kiazi. Niliwaambia asante. Nikaondoka nacho mkononi mpaka barabarani, na dereva alipouliza kama naumwa nikasema nyuki mmoja ameingia ndani ya wavu.

Mama mkali ofisini ni mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Sijaenda kazini. Nimesema malaria.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Ng'ambo kwa Fundi Majidi, nikiwa nimejiandaa kugomba. Njiani nilipanga maneno yote. Nilimkuta anapiga randa mlango, maranda mpaka kwenye kofia.

"Majidi, mbao za mizinga yangu ulizitoa wapi?"

"Usoke na kule mbele yake. Karatasi zote ninazo, nikuletee?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaweka randa chini. Ni mtu mpole, na upole wake leo umeniumiza kuliko matusi.

"Bosi, nilikuletea msonobari. Ule unapandwa Iringa kwa ajili ya kukatwa, kama mahindi. Ulifanya nini?"

Nikaokota maranda sakafuni, nikayakunja.

"Uligonga hivi," akagonga ubao kwa kidole, "ukasema nikafugie kuku. Mbele ya mafundi wangu wote. Nikakuuliza, sasa unataka nini? Ukasema mninga, na ukasema ukiona ubao mwingine unarudisha mzigo mzima. Mninga haupandwi shambani, dada Recheli. Mninga unautoa porini. Mtu wa Tabora anajua hilo kabla hajajua kusoma."

Nalijua. Nimelijua maisha yangu yote. Nilikaa ofisini nikaandika kurasa kumi na mbili za kulinda mti, nikitazama gome tu, na ilipofika kwenye ubao nikachagua kama mtu anayenunua kitanda cha harusi. Haikunijia hata mara moja kwamba ule nao ni mti.

"Mninga mmoja unatoa mizinga mingapi?"

"Ukiwa mnene, kumi. Kumi na mbili ukibana sana."

Maneno niliyoyapanga njiani niliyasahau yote. Nikamwomba radhi mbele ya mafundi wake, kwa sababu nilimdharau mbele yao. Alikubali haraka, kwa aibu, akaniuliza kama nitakunywa kahawa.

Jumatatu, 16 Juni

Kazini. Nimesaini karatasi. Nimetabasamu.

Jumanne, 17 Juni

Lebo zimefika kutoka kiwandani. Maboksi manane. Zinapendeza.

Jumatano, 18 Juni

Nimerudi porini na Fikiri, nimehesabu visiki kimoja kimoja na kuvitia alama ya chokaa. Thelathini na nane. Kile kinene kuliko vyote nilijaribu kukizunguka kwa mikono nikashindwa. Fikiri anasema mti kama huo babu yake aliukuta tayari ukiwa mti. Nilipokuwa nahesabu sikuwa na hasira tena. Nilikuwa na huzuni tu, huzuni ya kawaida, kama ya msibani.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefika kwa mjomba bila taarifa. Nilimkuta anakaza mzinga wa gome kwa vijiti.

"Wangaluka, mjomba," nikamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Wangaluka. Leo umeninyima shikamoo kwa sababu mimi ni mhalifu?"

"Shikamoo. Nimekuja kukuuliza kitu ambacho nilipaswa kukuuliza mwezi uliopita. Gome hilo umelitoa wapi?"

Aliendelea kukaza kijiti mpaka kikaingia. Kisha akaniambia, na alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Mvua zikianza, wakulima wa tumbaku hufyeka mashamba mapya na kukata kuni za mabani ya kukaushia. Mti ukianguka wakati wa mvua, gome lake linatoka lenyewe siku hiyohiyo. Kesho yake limeshaganda. Kwa hiyo mjomba husikiliza shoka. Akisikia wanakata, anachukua baiskeli, anafika wakati mti uko chini, anawaomba gome, kuni wanabaki nazo wenyewe. Kwa miaka kumi na saba hajachubua mti uliosimama. Na yale magome yaliyochubuliwa hovyo anayachukia kuliko ninavyoyachukia mimi.

"Mjomba! Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilikuuliza kama kuna sehemu ya kuandika jambo lingine. Ukasema gome au mbao, basi. Nami nilikuwa karani, Recheli. Fomu isiyokuwa na nafasi ya jibu, mwenyewe hataki jibu."

Nilimwambia habari ya mninga. Thelathini na nane. Nilidhani atacheka, na ningemruhusu. Hakucheka. Alitikisa kichwa, akasema ile miti iliyokuwa nyuma ya korongo alikuwa anaijua mmoja mmoja, na mwaka huu nyuki wake walichelewa na hakuelewa kwa nini.

Nikauliza kama asali yake bado ipo, niichukue yote. Akasema ameshaiuza kituoni kwenye chupa za maji, kwa abiria wa treni. Yote.

Jumapili, 22 Juni

Nimekwenda ibada ya asubuhi. Nimekaa nyuma.

Jumatatu, 23 Juni

Leo nimemwambia Mzee Abbasi. Nilifunga mlango, nikamwekea mezani picha za visiki na karatasi za Majidi, nikasema yote bila kupumzika, kuanzia kidole changu kilichogonga msonobari mpaka chupa za mjomba.

Alisikiliza hadi mwisho. Akatazama picha. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akanitetea.

"Ngoja. Mizinga mia nne ya gome, ya wale wanaochubua hovyo, ingeua miti mingapi?"

"Mia nne. Pengine mia tatu."

"Na ya kwako thelathini na nane. Na gome linaoza baada ya miaka mitano, mninga utakaa ishirini. Mwanangu, hesabu iko upande wako. Tatizo liko wapi?"

Nakiri kwamba hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga mwenyewe, usiku ule baada ya kuhesabu visiki. Ilikuwa tamu. Kwa siku tatu niliishi nayo kama mgeni mwema. Lakini kila nikiisoma lebo, hesabu inavunjika.

"Mzee, lebo haisemi asali iliyoua miti michache. Inasema isiyoua mti."

"Badilisha maneno basi."

"Maneno nitayabadilisha, hilo dogo. Mimi nilimfukuza mtu asiyeua mti, nikawapokea waliotundika mizinga niliyoiulia miti mimi. Msonobari ulikuwepo. Niliukataa kwa maringo. Kampuni ikijenga jina juu ya hilo, mwakani tutagawa mizinga mia nne mingine, na mwaka unaofuata mia nane, yote ya mninga, na huku tunapigiwa makofi."

Hapo akakasirika. Alinyanyuka, akatembea mpaka dirishani, akasema kwa sauti ambayo hata walio ghalani waliisikia kwamba ameshawaambia wateja, ameshachapa lebo, amesimama mbele ya wageni siku ya Idd akasema muhuri, muhuri! Nikasimama na mimi. Nilimkumbusha ahadi yangu, nikamwambia kiti hicho hapo.

"Kaa chini!" akafoka. "Nikikufukuza, nani atajua kisiki kiko wapi?"

Tulikaa. Akanywa maji. Mwishowe alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kiti ni chako. Lakini mkaguzi akija, mimi sitasema neno. Utasema wewe, ukiona kuna la kusema."

Jumanne, 24 Juni

Nimelala kama mtoto. Nina njaa ya ajabu.

Jumatatu, 30 Juni

Kazi, kazi, kazi. Majidi ameagiza msonobari wa Iringa kwa mizinga yote ijayo. Nimempa sharti moja, aupake nta nje usioze. Ameniambia alishaniambia hivyo mwaka jana. Fomu ya zamani nimeichana. Mpya haiulizi gome au mbao. Inauliza: mti gani, ulikuwa hai au ulishakatwa kwa kazi nyingine, na nani aliukata. Na chini nimeacha nusu ukurasa mtupu, kwa jambo lingine.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi imefungwa. Nimefua.

Jumatano, 16 Julai

Mkaguzi amefika kwa ndege ya asubuhi. Anaitwa Julieth, mwanamke mwembamba mwenye viatu vizuri vya porini na jalada la maswali chini ya kwapa. Mzee Abbasi alimkaribisha, akamkabidhi kwangu, akaenda kukaa pembeni na tasbihi yake. Alitimiza neno lake, hakusema kitu.

Tulikwenda manzuki mawili. Julieth anajua kazi. Alipima maji kwenye asali, akanusa ndoo, akahoji wafugaji bila mimi kuwepo. Saa tisa tukarudi ghalani, akafungua jalada kwenye ukurasa wa mizinga.

"Mizinga ya gome?"

"Msimu huu hatujanunua asali yake."

Akaweka alama ya vema. "Ya mbao?"

"Ndiyo. Mia nne."

Vema nyingine. Akageuza ukurasa. Hakuuliza zaidi. Jalada lake lilikuwa limetungwa na mtu kama mimi, gome au mbao, basi. Nikaona ukurasa ule unapita mbele yangu. Ningenyamaza tu. Kunyamaza hakuhitaji hata kufungua mdomo, na lebo maboksi manane zilikuwa pale nyuma ya mgongo wake. Kule pembeni tasbihi ya Mzee Abbasi ilisimama.

"Naomba urudi ukurasa uliopita," nikasema.

"Kuna nini?"

"Hujaniuliza ni mbao ya mti gani."

Nilimpeleka. Jua lilikuwa linateremka na visiki vyenye chokaa vilionekana kwa mbali. Alivihesabu mwenyewe, wala hakuamini hesabu yangu, jambo ambalo lilinifurahisha. Aliporudi garini alifunga jalada.

"Ungeweza kupita," akasema. "Unajua hilo?"

"Najua."

"Mwaka huu siwezi kuyaidhinisha hayo maneno."

"Ndiyo, najua pia."

Akaniuliza kama anaweza kuchukua nakala ya fomu yangu mpya. Nikampa tatu.

Alhamisi, 17 Julai

Asali ya msimu itauzwa na lebo ya zamani, ile yenye picha ya nyuki peke yake. Mzee Abbasi amebeba boksi la kwanza la lebo mpya kwa mikono yake mpaka stoo. Nilitaka kumsaidia akakataa. Kisha akasema mwakani tutazitoa, na safari hii nisimwambie nina mabega, nimwambie nina majibu.

Jumatatu, 21 Julai

Moshi upande wa kusini, watu wameanza kuchoma majani. Nimepiga simu vijiji sita kuhusu barabara za kuzuia moto. Sauti imekauka.

Jumamosi, 26 Julai

Leo Usoke. Niliwaita wafugaji wote wa pande zile, wenye magome na wenye mbao, tukakusanyika nje ya ghala. Walikuja zaidi ya themanini, wengine kuniona nikiaibika, na sikuwalaumu. Nikawaeleza fomu mpya. Nikasema anayepita kuuliza hawezi kuwa mtu wa kampuni peke yake, wachague mmoja wao. Wakamchagua mjomba Lugembe bila hata kunyoosha mikono.

Mjomba aliletewa meza na kiti. Akavaa miwani, akanyoosha karatasi, akajaribu kalamu kwenye kiganja. Wenye magome wakaanza kupanga mstari, wanasukumana kidogo kwa wasiwasi.

"Subirini," akasema. "Mwenye mizinga mingi kuliko wote hapa ni nani?"

Watu wakatazamana. Kisha wakanitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na rundo la fomu, kama mwenye shughuli. Nikaziweka chini, nikazunguka meza, nikasimama mbele yake.

"Jina la mwenye mizinga?"

"Kampuni."

"Kampuni haina mikono. Jina."

"Recheli."

Akaandika. "Mingapi?"

"Mia nne."

"Mti gani?"

"Mninga."

Nyuma yangu walinyamaza kabisa. Siku ile ya ndoo zake walinyamaza hivyohivyo.

"Ulikuwa hai, au ulishakatwa kwa kazi nyingine?"

"Ulikuwa hai. Yote ilikuwa hai. Thelathini na nane."

Aliandika namba kwa tarakimu, halafu kwa maneno, kama makarani wa zamani. Kisha akainua uso na kunitazama juu ya miwani. Hakukuwa na kisasi machoni mwake, na hakukuwa na huruma. Ilikuwa kazi.

"Nani aliukata?"

Lilikuwepo jina la Fikiri. Lilikuwepo jina la Majidi. Kibali nacho kilikuwepo, kwenye faili, na mihuri yake.

"Mimi," nikasema.

Mjomba akaandika, akaigeuza karatasi nisome kama ameandika sawa. Alikuwa ameandika sawa. Nikatia sahihi, nikaenda kukaa kwenye benchi na wafugaji wenzangu, naye akaita anayefuata.